Paa la nyumba za wamiliki wengi penye baridi kali na joto kali: vigae vya lami, bati, raba, utando mweupe au lami ya SBS?

Mwezi Februari 1936, mji wa Parshall katika jimbo la North Dakota nchini Marekani ulipimwa nyuzijoto 51 chini ya sifuri. Mwezi Julai mwaka huohuo, mji wa Steele katika jimbo lilelile ulifikia nyuzijoto 49 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi mia moja ndani ya miezi mitano haitokei kila mwaka, lakini inaonyesha hali ya hewa ya katikati ya bara ilivyo: bahari iko mbali mno kupunguza makali ya kiangazi au ya majira ya baridi, na paa hubeba misimu yote miwili. Mchana wa Julai, paa jeusi huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka kwa makumi ya nyuzi, na usiku wa Januari usio na mawingu huwa baridi kuliko hewa hiyo.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya halmashauri za jumuiya za wamiliki wa nyumba, zile ambazo Marekani hujulikana kwa kifupi kama HOA, na kwa wamiliki wa fleti watakaoombwa kuchangia gharama. Kazi yao ni ngumu kuliko ya mwenye nyumba mmoja. Mkandarasi wa kwanza analeta pendekezo la bati, wa pili la raba, wa tatu la utando mweupe. Kila mmoja anasifu anachouza, na bei haziwezi kulinganishwa kwa sababu kazi zenyewe si zilezile.

Vigezo kabla ya bidhaa

Cha kwanza ni mwinuko, kwa kuwa huondoa nusu ya chaguo hata kabla mjadala haujaanza. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani haziruhusu vigae vya lami kwenye paa linaloinuka chini ya vipimo 2 kwa kila vipimo 12 vya mlalo, na kati ya 2 na 4 zinadai tabaka la chini liwe maradufu. Paa linaloitwa bapa nalo halitakiwi kuwa bapa kabisa: tando nyingi, yaani mashuka ya kuzuia maji yanayofunika paa la aina hiyo, huhitaji mteremko wa asilimia 2 hivi ili maji yafike kwenye matundu ya kutolea maji.

Cha pili ni mwendo. Kila kitu juu ya paa hutanuka na kusinyaa, na mahali panapoumia ni kwenye viungo, wala si katikati ya shuka. Cha tatu ni barafu kwenye upenu. Cha nne ni mvua ya mawe, ambayo katika nyanda za kati za Marekani huamua umri wa paa kuliko jua. Cha tano ni unyevu unaotoka chini, yaani mvuke wa majiko, mabafu na pumzi za watu wanaoishi ndani. Cha sita ni fedha: akiba ya jumuiya, masharti ya bima, na usumbufu kwa wakazi ambao hawawezi kuhama wakati mafundi wanafanya kazi juu yao.

Vigezo vya tatu na vya tano vinahitaji maelezo zaidi, maana ndivyo vinavyowagharimu watu fedha mara mbili. Joto la nyumba likipenya darini huyeyusha theluji iliyolala juu ya paa. Maji hutiririka chini ya theluji hadi kwenye upenu, ambao hauna chumba chenye joto chini yake, kisha huganda hapo. Siku kadhaa baadaye ukuta wa barafu umeinuka ukingoni, maji yanayofuata hayana njia, yanarudi nyuma chini ya vigae na kutokea kwenye dari ya mtu wa ghorofa ya juu. Lawama huangukia vigae, ingawa chanzo ni darini. Atakayepanda darini asubuhi ya Januari na tochi ataona ncha za misumari iliyotokeza zimevaa manyoya ya barafu nyeupe. Ule ni mvuke wa vyumbani uliopita kwenye matundu ya nyaya, taa na mabomba. Mchana ukipata joto, manyoya hayo hudondoka, na mkazi huapa kwamba paa linavuja siku ambayo hata mvua haikunyesha.

Kwa hiyo kuziba matundu hayo, kuongeza kihami joto na kuacha hewa ipite kutoka upenuni hadi kileleni ni sehemu ya kazi ya paa lenye dari. Pendekezo la mkandarasi lisiloligusa jambo hili si rahisi, limepunguzwa tu. Kanuni nazo, pale ambapo barafu huganda upenuni, zinadai kizuizi cha barafu, kwa kawaida shuka la lami linalojinata lenyewe, kianzie ukingoni mwa paa na kupita mstari wa ukuta wa nje kuelekea ndani kwa angalau sentimita 61. Shuka hilo hupunguza madhara, lakini halizuii barafu kujengeka.

Vigae vya lami

Hivi ni vipande vya utando wa nyuzi za kioo vilivyolowekwa lami na kufunikwa chembechembe za mawe. Ndivyo vilivyoezeka sehemu kubwa ya nyumba za mistari za Marekani, zile zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na kila kikosi cha mafundi kinavijua. Katika mwendo havina shida kubwa, kwa kuwa kila kigae ni kifupi na hujinyoosha peke yake. Shida yao ni kukakamaa kwa baridi. Vigae vya kawaida hukakamaa na kupasuka vikikunjwa kwenye baridi kali, na ukanda wa gundi unaoshikanisha kigae na kigae huhitaji joto la jua ili ushike. Chini ya nyuzijoto 4 au 5, fundi mwaminifu huweka gundi kwa mkono chini ya kila kigae. Asiyefanya hivyo huacha paa ambalo upepo wa Machi utalifunua.

Vile vilivyochanganywa na mpira wa SBS hubaki laini katika baridi na hustahimili mvua ya mawe vizuri zaidi. Kipimo cha kuangalia ni UL 2218, jaribio la Marekani la kustahimili mapigo, daraja la 4, ambapo tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 5 hivi huangushwa kutoka mita 6 mara mbili mahali palepale bila kigae kupasuka. Daraja hilo halimaanishi kwamba chembechembe hazitamwagika. Mvua ya mawe ya Mei 8, 2017 katika eneo la Denver ilisababisha madai ya bima ya takriban dola bilioni 2.3, na paa zilikuwa sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Kwa upande wa fedha, hapa ndipo bei ya kuanzia ilipo chini na ukarabati ulipo rahisi, ingawa rangi ya kiraka haitafanana na vigae vilivyopigwa na jua kwa miaka kumi. Katika hali hii ya hewa ni busara kuvipangia miaka 15 hadi 25, hata kama cheti cha dhamana kinataja idadi kubwa zaidi. Vinafaa nyumba za mistari zenye paa la kuinuka, lenye makutano na vidirisha vingi, na jumuiya ambayo akiba yake bado ni changa.

Bati la mishono iliyosimama

Hapa mwendo ndio kila kitu. Bati la chuma lenye urefu wa mita 10, likitoka nyuzijoto 35 chini ya sifuri usiku wa baridi hadi nyuzijoto 65 juu ya sifuri mchana wa kiangazi, hurefuka milimita 12 hivi. La alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu bati zuri la mishono iliyosimama, yaani lile ambalo kingo za mabati hukunjwa kwenda juu na kufungamana, halipigwi skrubu usoni. Hushikwa na vibanio vilivyofichwa ndani ya mshono, navyo huliruhusu kuteleza, huku likiwa limefungwa kwa uthabiti mahali pamoja tu. Bati la bei nafuu lenye skrubu zinazoonekana hutanua matundu yake mwaka hadi mwaka, raba za skrubu hukauka, na mwishowe jengo lenye maelfu ya skrubu huwa na maelfu ya sehemu za kuvuja. Mapendekezo mawili yanaweza kuandikwa "bati" yote mawili ilhali moja ni la aina hii na jingine ni la ile.

Theluji huliteleza bati, na hilo ni faida na hatari kwa pamoja. Theluji iliyolala wiki mbili huweza kushuka yote kwa mkupuo juu ya mlango wa kuingilia, magari au mita za gesi. Vizuizi vya theluji ni lazima, vikokotolewe kwa uzito halisi na vibanwe kwenye mishono bila kutoboa bati. Vilevile bati halizuii ukuta wa barafu: maji yaliyosimama hupanda hadi kwenye mishono, na chini yake panahitajika shuka linalojinata ambalo pia linastahimili joto kali la kiangazi.

Mvua ya mawe hulibonyeza bati mara nyingi zaidi kuliko inavyolitoboa. Tatizo ni la karatasi: bima nyingi huweka kifungu kinachokataa kulipia uharibifu wa sura tu, hivyo jumuiya hubaki na paa lisilovuja lakini lenye vishimo kila mahali, na wamiliki wanaotaka kuuza fleti zao hulalamika. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kura. Kuhusu kelele, aliyewahi kulala chini ya bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya kenchi ataziogopa bila sababu. Hapa bati hulala juu ya mbao, tabaka za chini na kihami joto, na mvua husikika kidogo tu.

Gharama ya kuanzia mara nyingi ni mara mbili au tatu ya vigae vya lami, na umri wake huweza kupita miaka 40. Linafaa paa lenye miteremko mirefu iliyonyooka na wamiliki wanaokusudia kukaa. Kwenye paa lenye pembe nyingi, gharama ya kukata na kukunja hula faida yote.

Raba ya EPDM

Kwa majengo ya paa bapa, utando huu mweusi ndio uliozoea baridi kuliko wote. Hubaki laini hata nyuzijoto 40 chini ya sifuri, na huvutika sana kabla ya kuchanika. Hupatikana kwa shuka pana, nyingine hadi mita 15, hivyo paa kubwa huwa na viungo vichache. Udhaifu wake uko kwenye viungo hivyohivyo, kwa sababu haviunganishwi kwa joto bali kwa tepu na gundi, na gundi haisamehe vumbi, unyevu wala baridi. Utando wa zamani pia husinyaa taratibu na kujivuta kutoka kwenye kuta za ukingoni: pembe iliyokuwa imelala huinuka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Anayekagua paa aanzie hapo.

Rangi nyeusi husaidia unyevu uliojipenyeza kukauka na theluji kuyeyuka mapema. Wakati wa kiangazi huongeza mzigo wa kupoza vyumba vya juu. Mvua ya mawe huivumilia vizuri, hasa ikiwa na unene wa milimita 2.3 na imewekwa juu ya ubao mgumu badala ya foma tupu. Mafuta huiharibu, kwa hiyo jengo lenye mkahawa chini lisiache bomba la moshi wa jikoni lidondoshee mafuta juu yake. Hudumu miaka 25 hadi 30 ikitunzwa, na kiraka chake ni kazi ya saa chache.

TPO na PVC, tando nyeupe

Hizi ni tando za plastiki. Viungo vyake huyeyushwa kwa hewa ya moto na kuwa kitu kimoja. Kiungo kilichofanywa sawasawa huwa imara kuliko shuka lenyewe. Lakini mashine iliyowekwa sawa saa saba mchana si sawa saa moja asubuhi kwenye baridi, na mkandarasi makini hutengeneza kiungo cha majaribio kila asubuhi, kisha hukivuta kwa koleo kuona kama kinachanika mahali panapotakiwa.

Sifa za weupe zimeenea kutoka maeneo ya joto. Pale ambapo gharama za kupasha nyumba ni kubwa kuliko za kuipoza, faida hiyo hupungua, na paa jeupe huchelewa kukauka. Hatari huwa kubwa zaidi utando unapofungwa kwa skrubu tu bila kugandishwa: upepo huuinua na kuushusha, nao huvuta hewa yenye unyevu kutoka ndani ya jengo, inayogeuka barafu upande wa chini wa utando. Majira ya kuchipua barafu hiyo huyeyuka na kulowesha kihami joto, na wakazi hudhani ni mvua. Tabaka la kuzuia mvuke, pamoja na kugandisha utando wote, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

PVC ina historia ambayo wazee wa kazi hii hawajaisahau: mwishoni mwa miaka ya 1980, tando zilizozeeka ambazo hazikuwa na wavu ndani yake zilipasuka vipande kama kioo siku za baridi. Za sasa zina wavu, na haifai kuzihukumu kwa kosa la zile. PVC hustahimili mafuta ya jikoni kuliko tando nyingine zote hapa. TPO kwa kawaida ni nafuu zaidi, lakini ile nyembamba hukakamaa inapozeeka na hupasuka kwa mawe makubwa. Afadhali milimita 2 kuliko 1.5. Zipangiwe miaka 20 hivi. Fundi anayepanda wakati wa baridi aonywe pia kwamba jivu la umande ulioganda halionekani juu ya utando mweupe, na utelezi wake ni wa hatari.

Lami ya SBS, tabaka mbili

Hili ni shuka la lami iliyochanganywa na mpira, likawekwa angalau mara mbili. Nguvu yake ni hiyo mara mbili: koleo la theluji, kiatu au bisibisi iliyodondoka vikichubua tabaka la juu, la pili bado linazuia maji. Hubaki laini kwenye baridi, ingawa si kama raba, na mvua ya mawe huivumilia vizuri.

Kigezo kinachoiumiza ni watu walio chini. Ikiunganishwa kwa moto wa gesi, kuna hatari ya moto kujificha ndani ya ukuta wa ukingoni na kuwaka saa kadhaa baada ya mafundi kuondoka, tena juu ya vyumba ambamo watu wamelala. Jumuiya inaweza kudai gundi baridi au mashuka yanayojinata, na kama moto hauepukiki, mlinzi abaki juu ya paa baada ya kazi kuisha. Inahitaji mafundi wenye ujuzi na siku nyingi zaidi, hivyo bei yake hupanda kwa upande wa kazi. Hudumu miaka 20 hadi 30.

SBS pia hutumika katika paa lililogeuzwa, ambapo kihami joto cha foma isiyonyonya maji hukaa juu ya utando, kikishikiliwa na kokoto au vigae vya saruji. Utando unabaki karibu na joto la chumba mwaka mzima, haupigwi na jua wala mawe. Mhandisi lazima athibitishe kwanza kwamba jengo linabeba uzito huo pamoja na theluji. Kumbuka kwamba kila milimita ya maji yaliyomo kwenye theluji ni kilo moja kwa kila mita ya mraba.

Fedha, kabla ya kura

Bima za majengo katika maeneo ya mvua ya mawe mara nyingi huweka kiasi cha kujilipia kwanza kama asilimia ya thamani ya jengo, wala si dola kadhaa za kudumu. Jengo lililowekewa bima ya dola milioni 12 kwa kiwango cha asilimia 2 litabeba dola 240,000 kabla ya kampuni ya bima kutoa chochote. Zikigawanywa kwa fleti 48, kila mmiliki anadaiwa dola 5,000. Paa linalopunguza uwezekano wa dai linastahili kuhesabiwa hivyo. Kila mmiliki naye aulize kama bima yake binafsi inalipia mchango wa aina hiyo, na mpaka kiasi gani.

Kwa hali yako

Nyumba za mistari zenye paa la kuinuka, akiba ndogo na mvua ya mawe ya mara kwa mara: vigae vya SBS vya daraja la 4, lakini fungu la kwanza la fedha liende kuziba dari. Kama barafu upenuni ndiyo malalamiko makuu na vigae vyenu havijachakaa, dari ifanyiwe kazi mwaka huu na kuezua kuahirishwe.

Paa la miteremko mirefu, wamiliki wa kudumu na bima isiyo na kifungu cha sura: bati la vibanio vilivyofichwa linalipa, mradi njia za watu zisiwe chini ya mteremko.

Paa bapa kubwa lisilo na watu wala mitambo mingi, penye baridi ndefu: raba nene iliyogandishwa. Paa bapa ambalo mafundi wa mitambo hupita kila mwezi na theluji hukokotwa kwa koleo: SBS ya tabaka mbili, bila moto. Penye mkahawa chini, au kiangazi kinachoumiza kuliko baridi: PVC iliyogandishwa, juu ya kizuizi cha mvuke. Penye bustani au baraza juu: paa lililogeuzwa, baada ya mhandisi kukubali.

Jengo ambalo tayari lina paa mbili zilizolaliana halina uhuru wa kuongeza ya tatu. Kanuni zinadai kuezua hadi kwenye mbao, na pendekezo lisilo na gharama hiyo litapanda bei katikati ya kazi. Paa bapa lipimwe unyevu kwa kamera ya joto na kukatwa vipande vya sampuli kabla ya kuomba bei, ili wakandarasi wote wajue ni mita ngapi za kihami joto zilizolowa.

Na kama paa limeanza kuvuja Januari, halmashauri isisaini mkataba wa paa zima wiki hiyo. Barafu iondolewe kwa mvuke wa moto, kamwe si kwa shoka, kiraka cha muda kiwekwe, na maombi ya bei yatumwe yakitaja kazi ya Mei au Juni, gundi itakaposhika.